Taa ya Baraza Isiyozimika

Soketi ya sebuleni kwangu iliharibika kwa sababu ya birika la umeme. Mke wangu alipokuwa hai, chai ilichemshwa uani kwa mkaa, na sufuria ilikuwa kubwa, ya kututosha sisi na yeyote atakayepiga hodi. Alipofariki niliendelea na mkaa kwa muda, kwa ukaidi tu. Lakini kuwasha jiko zima, kupepea, kupulizwa majivu machoni, yote kwa ajili ya kikombe kimoja, kunamfanya mtu mzima ajione mjinga. Nikanunua birika la umeme. Likanihudumia bila manung'uniko mpaka asubuhi moja nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, nikakuta soketi imekuwa nyeusi pembeni na plagi imeng'ang'ania ndani haitoki.

Mwenye akili zake angeita fundi. Mimi nikasema, fundi wa nini? Nyumba hii niliifunga umeme kwa mikono yangu, kila waya nilioupitisha ukutani naujua. Nilikuwa najidanganya, lakini nilijidanganya kwa sauti kubwa, peke yangu sebuleni, na hakukuwa na mtu wa kunibishia. Ndiyo hasara mojawapo ya kuishi peke yako. Upuuzi wako unapita bila kupingwa.

Niliwahi kuwa na kipe. Asiyejua uvuvi wa ziwa letu, kipe ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu ukishushwa katikati, na taa zinaning'inizwa juu ya maji ili dagaa wazifuate. Zamani tulitumia karabai. Baadaye zikaja taa za betri, na betri lazima zichajiwe mchana ili usiku zifanye kazi. Basi wavuvi wangu, na wa vipe vya wenzangu, walikuwa wakipandisha betri zao asubuhi kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoegeshwa, wanazipanga barazani kwangu, na nyaya za chaja zinapita dirishani mpaka kwenye soketi ya sebuleni. Baraza ikawa kama kijiwe. Walikunywa chai, walibishana, walisinzia wakiegemea ukuta, wakingojea betri.

Tatizo lilikuwa wapita njia. Kila mwenye simu alijifanya ana haki ya kuchomeka. Mke wangu akachoka, akaniambia nimtafutie namna ya kufunga na kufungua ule moto akiwa ndani, asigombane na watoto wa watu. Kwa hiyo nilipozifunga upya zile soketi mbili za sebuleni, ya kushoto niliipa moto wa moja kwa moja, kwa ajili ya jokofu, na ya kulia nikaiunganisha na swichi iliyo chumbani, upande wake wa kitanda. Swichi hiyohiyo nikaiunganisha na taa ya baraza. Taa ikiwaka mchana kweupe, watu wa mwaloni walijua mama yuko tayari, leteni betri. Ikizimwa, hata uje na betri ya mkuu wa mkoa, utarudi nayo. Hakuna mtu Ujiji nzima aliyehitaji kuelezwa mara mbili maana ya taa ile.

Kipe nilikiuza miguu ilipoanza kunigomea. Siku hizi wavuvi wengi wana sola, na soketi ya kulia ilikaa muda mrefu bila kazi. Lakini nilipoamua kubadilisha ile ya kushoto iliyoungua, ambako birika na jokofu vilikuwa vinapokezana, nikasema nibadilishe zote mbili, nyumba ipendeze.

Nikapanda bodaboda mpaka Gungu, kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa dada mchangamfu wa kutoka milimani. Alinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mzee," halafu akaendelea kwa Kiswahili cha haraka. Soketi za moja moja zilikuwa zimemwishia.

"Chukua hii ya mbili, mzee. Matundu mawili, boksi moja. Inakaa palepale."

Niliona ana hoja. Matundu mawili ni matundu mawili. Nikarudi nayo, nikazima umeme kwenye meni swichi, nikafungua zile za zamani. Ndani mlikuwa na vumbi, na mayai ya mjusi, na nyaya nyekundu tatu. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimefungwa pamoja na kipande cha uzi mweusi, mchafu, ambao niliudhania utando wa buibui uliogandamana na masizi. Nikaukwangua kwa kisu, nikaufagia pamoja na taka nyingine. Soketi mpya ilikuwa na skrubu moja tu ya waya mwekundu. Nikazikusanya zote tatu, nikazisokota vizuri, nikazibana chini ya skrubu hiyo. Kazi safi. Nikajipongeza.

Niliporudisha umeme, birika likachemka. Jokofu likaunguruma. Na taa ya baraza, ambayo sikuwa nimeigusa, ikawaka.

Nikaenda chumbani nikabonyeza swichi. Nikarudi barazani. Inawaka. Nikaenda tena, nikabonyeza upande mwingine, nikarudi. Inawaka. Nikafanya safari hiyo mpaka goti likaanza kulalamika, na taa ikaendelea kunitazama pale juu, jua likiwa limepanda na mwanga wake hauna faida kwa mtu yeyote. Nikaitukana. Jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mama anayekaanga mihogo, alinyanyua kichwa kuona nagombana na nani. Alipoona niko peke yangu akainamisha kichwa haraka, kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko kicheko.

Nikaamua swichi ndiyo mbovu. Nikanunua mpya, nikaifunga. Hakuna kilichobadilika. Ningeweza kuzima meni swichi, lakini basi jokofu nalo lingezimika. Ningeweza kupanda ngazi nitoe balbu, lakini ngazi kwa goti langu ni habari nyingine, na isitoshe nilishakasirika. Taa ikawaka usiku, ikawaka mchana, na mimi nikaishi nayo kama mtu anayeishi na mgeni asiyeaga.

Asubuhi moja nikasikia hodi barazani. Alikuwa mmoja wa wavuvi wangu wa zamani, ndevu zimeanza mvi, begani kabeba betri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo mzee. Nimeona taa. Mmefungua tena?"

Alisema "mmefungua", kwa wingi, kama zamani. Hakukosea kwa makusudi. Alikuwa anajua msiba, alikuja kuzika. Ni mazoea tu ya mdomo.

Nilitaka kumwambia hapana, ni hitilafu. Badala yake nikamwambia weka hapo. Akachomeka chaja, akakaa. Sola ya tajiri wake ilikuwa imeharibika, na giza la mwezi huo lilikuwa limeanza, hawakutaka kulikosa. Mbalamwezi ikirudi hakuna kazi tena, dagaa hawafuati taa. Tukanywa chai ya birika la umeme, akaisifu kwa uongo. Akasinzia kwa kuegemea ukuta. Mimi nilikaa kitini simsemeshi, nikisikiliza anavyokoroma, na nilifurahi. Sikumbuki kama tangu msiba nilikuwa nimefurahi hivyo. Alasiri akachukua betri yake, akashukuru, akashuka mwaloni. Baraza ikabaki na alama ya maji pale betri ilipokuwa imekaa.

Nina binti mmoja, anafanya kazi Dodoma. Hupiga simu ya video siku za mapumziko, na mimi huwa nakaa barazani kwa sababu ndipo mtandao unapokubali. Siku hiyo nilisahau kabisa taa iliyokuwa juu ya kichwa changu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, mbona taa inawaka mchana?"

"Nimeiwasha mwenyewe."

"Ya nini?"

"Nimependa."

Binti yangu amerithi macho ya mama yake, na mbaya zaidi amerithi na akili yake. "Basi izime nione," akasema.

Nikaiegemeza simu kwenye nguzo, nikaingia ndani kwa mwendo wa mtu asiye na wasiwasi, nikabonyeza swichi kwa nguvu ili asikie mlio. Nikarudi nimekaza uso.

"Baba, haijazimika."

Nikamweleza. Sikumweleza yote, lakini nilipofika kwenye soketi iliyoungua alishika mdomo. Akaniuliza nani aliyefunga hiyo mpya. Nikakohoa. Akaniuliza goti linaendeleaje, nakula nini, jirani ananitembelea? Maswali yalikuja mfululizo, na kila jibu langu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia.

"Naomba ruhusa kazini," akasema mwishowe. "Nakuja, baba. Nikija tunaondoka wote. Nyumba itakuunguza ukiwa humo ndani, na mimi nitasikia kwenye simu. Sitaki."

Nikasema siondoki. Akasema tutaonana. Akakata simu kwa heshima zote, na uamuzi ukawa umepita.

Dodoma nimekwenda. Wana nyumba nzuri, yenye geti. Mchana wote wako kazini na shuleni, na mtu anakaa na televisheni na dada wa kazi ambaye anaogopa kuongea naye. Ukipanda juu ya kiti ukachungulia ukuta, unaona ukuta wa jirani. Hapa Ujiji, hata kama hakuna anayenijia, nikitoka nje naliona ziwa chini kule, namjua kila anayepita na babu yake, na kaburi la mke wangu ni mwendo wa kutembea. Sikutaka kutolewa humu kwa ajili ya taa. Nikaapa kwamba binti yangu akifika ataikuta imezimika, soketi ziko salama, na hana hoja ya kunipakia kwenye treni kama mzigo.

Siku ile aliyoniambia ameshapewa ruhusa, nikaianza kazi kwa hasira. Nikaing'oa kabisa swichi ya chumbani. Nikaishika mkononi, nyaya zake mbili zimechomoza ukutani hazigusani na kitu, kila mmoja umeelekea upande wake. Nikatoka barazani. Taa inawaka.

Nakiri nilisema bismillahi. Swichi iko mkononi mwangu, na taa yake inawaka! Kwa dakika ile nilisahau umeme wote ninaoujua, nikawaza mambo ambayo mzee wa msikitini hatakiwi kuyawaza. Nikarudi chumbani kwa hatua ndogo. Nikachukua bisibisi ya testa, ile inayotoa mwanga kwenye mpini ikigusa moto. Nikagusa waya wa kwanza, testa ikawaka, sawa, huo ndio unaoleta moto. Nikagusa wa pili, unaokwenda kwenye taa, ambao haukupaswa kuwa na kitu. Testa ikawaka vilevile. Kidole kikateleza kikagusa chuma, nikarushwa nikakaa kitandani.

Nilikaa pale nimeshika kidole. Hakuna aliyeuliza kimetokea nini. Niliwaza kwamba ningelala chali siku hiyo, angenikuta nani? Mama wa mihogo, labda, harufu ikishamfikia. Nililia kidogo. Sikulia kwa maumivu, maumivu ya umeme hupita haraka. Nilimlilia mke wangu, kwa kuwa kazi ya umeme ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye swichi, mwingine anakaa kwenye taa. Tulipoifunga ile taa mara ya kwanza, yeye alikuwa papo hapo nilipokaa, mimi niko barazani. Nikipiga kelele "Washa!" yeye anajibu "Nimewasha, je?" nami "Bado!" Mtaa mzima ulijua tunafunga umeme. Ikafika mahali akachoka na "bado" zangu, akasema yeye analala, taa ikiwaka nimwamshe.

Na hapo, nikiwa nimekaa upande wake wa kitanda, nikakumbuka uzi. Hakuwa anajua mambo ya umeme, lakini alijua nyavu, alikuwa hodari wa kuziba matundu ya nyavu kuliko wanaume. Siku ile nilipomlalamikia kwamba nyaya zote ni nyekundu nitachanganya, alileta uzi wa wavu wa dagaa, akazifunga pamoja zile mbili zinazotii swichi, ule unaotoka chumbani na ule unaokwenda kwenye taa, ili wa tatu, wa jokofu, usikae nao. Na mimi nimeukwangua kwa kisu nikaufagia kama uchafu.

Sasa mambo yakawa wazi, na aibu ikanijaa. Zile nyaya tatu nilizozibana chini ya skrubu moja, nilikuwa nimewaoza wasiopaswa kuoana. Moto wa jokofu ulikuwa unaingia kwenye soketi, unapita kwenye waya wa taa, unaiwasha, na mwingine unarudi kinyumenyume mpaka chumbani kwenye swichi. Hata ningeweka swichi ya dhahabu isingezima kitu.

Nikazima meni swichi, nikarudisha swichi ya chumbani mahali pake, nikafungua soketi mpya na kuzitenganisha nyaya tatu, kila mmoja ukiangalia upande wake. Halafu nikawasha meni. Testa kwenye waya wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna kitu. Wa tatu ukawaka, basi huo ndio wa jokofu. Nikatembea mpaka chumbani, nikabonyeza, nikatembea mpaka sebuleni. Waya wa pili sasa ukawaka. Huo unatoka kwenye swichi. Uliobaki ni wa taa. Kwa watu wawili ingekuwa kazi ya kumeza mate. Mimi nilitembea, nikapumzika, nikatembea, nikashika ukuta, nikatembea tena. Na soketi ya mbili nikaiona haifai. Nikatafuta za moja moja mpaka nikazipata kwenye duka dogo njia ya Kasingirima, nikazifunga ubavu kwa ubavu kama zilivyokuwa, kushoto jokofu, kulia swichi na taa. Birika nikalihamishia soketi ya jikoni, ambayo ni mpya na ina nguvu. Zile nyaya mbili nikazifunga kwa uzi. Uzi wa cherehani, mweupe, ndio uliokuwepo.

Nilipobonyeza swichi, baraza ikawa na kivuli. Sikuwahi kufikiri kivuli kinaweza kumfurahisha mtu kiasi kile.

Wakati wote huo nilikuwa nafanya na mambo mengine, kwa siri, nikiificha hata nafsi yangu. Nilifungua chumba cha binti yangu, nikatoa godoro juani. Nilifua shuka. Nilimwagiza muuza samaki wa mwaloni aniwekee kuhe mkubwa, akaniuliza nina wageni, nikasema binti yangu anakuja, na nilisema kwa sauti ambayo hata mama wa mihogo ilimfikia. Nilinunua mawese mapya. Ningeulizwa, ningesema najiandaa kwa ugomvi. Nilishapanga kabisa nitakavyomkatalia, tukiwa tumekaa barazani, yeye akitoa miiba kwenye samaki wangu kama anavyofanya siku zote, nami nikisema sitoki, sitoki, mpaka ruhusa yake iishe.

Nikampigia mwenyewe, jambo ambalo silifanyi.

"Shikamoo baba. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Kaa hapo utazame."

Nikaiegemeza simu kwenye nguzo, ikielekea taa, nikaenda chumbani kwa haraka ambayo goti halikuipenda. "Je?" nikapiga kelele.

"Imewaka!" sauti yake ikatoka barazani, nyembamba, kama iko kweli pale nje.

"Na sasa?"

"Imezimika! Baba! Imezimika!"

Nikawasha tena. Nikazima. Akawa anapaza sauti kila mara, anacheka, nami nikaendelea kubonyeza zaidi ya ilivyohitajika. Niliporudi barazani nilikuwa nahema. Nikamwonyesha soketi zote mbili, nikamweleza waya kwa waya kosa lilikuwa wapi, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Aliniambia mimi ni fundi. Aliniambia mama angekuwa hai angejivuna. Nikajifanya nafuta kioo cha simu.

"Basi Mwenyezi Mungu ashukuriwe," akasema. "Umenitua mzigo, baba, hujui tu. Nilikuwa silali. Kumbe unaweza mwenyewe. Sasa kama ni hivyo, ngoja nisije kwanza. Ruhusa hii niiweke, watoto wana mitihani, kazini nako wamenikunjia uso. Nitakuja tukijaliwa mwakani, nije kwa raha, sio kwa vurugu. Au unasemaje?"

Nilikuwa nimeshinda. Hakuna tena wa kunipakia kwenye treni. Nilikuwa nimetaka kubaki, na nimebaki. Lakini niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Nilitaka asinichukue. Sikutaka asije.

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache, yalikuwa mdomoni. Lakini alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu taa ile ianze, uso wake umelegea kama alipokuwa mdogo, na mimi sikujua namna ya kumwomba mtu aje wakati hakuna kilichoharibika.

"Sawa," nikasema. "Watoto kwanza."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Haya mwanangu, safari njema."

Akaisogeza simu karibu na uso. "Baba, si nimesema siji?"

"Ndiyo," nikasema. "Nimesikia."